Nusu Inayotupwa

Asubuhi ile, kwenye treni ya kwenda Yokohama, mbele yangu, msichana mwenye beji ya mashindano ya mchezo wa simu, Chinami, alimwonyesha simu jirani yake wa kiti, mzee aliyewahi kufundisha kuhesabu kwa fremu ya shanga. Kabla ya kushuka alipaswa kuamua: dubu wake wa theluji, mpiganaji wake mchezoni, apewe ngao au upanga?

"Uhai wake ni 303, babu. Pigo la moto la mpinzani ni 101, linazidishwa mara moja na nusu, kisha mara mbili. Akifa, nimetolewa." Vidole vya mzee vilicheza gotini, vikisogeza shanga zisizokuwepo. "303 kamili. Huyo maiti, mjukuu wangu. Mpe ngao." "Wapi! Ni 151 na nusu, nusu unaitupa, unapata 302. Anabaki na moja, nampa upanga!" "Nusu hutupwa mwishoni!" "Mchezo huitupa kila hatua, babu." "Mchezo huo umefundishwa na nani?"

Nilipiga hesabu mara mbili, nikachanganyikiwa mara mbili. Nikabaki kumwombea dubu.

Treni iliposimama, Chinami alikuwa mlangoni, kidole juu ya simu. "Babu, una hakika?" "Nimefundisha miaka arobaini!" alijibu mzee, lakini vidole vyake vilikuwa vimeanza kuhesabu upya.