Mwaka Baba Alipovuliwa Joho

Mheshimiwa Jaji Mkuu; Mheshimiwa Mwenyekiti wa Kamati ya Maadili ya Mawakili; mawakili wenzangu, wakubwa kwa wadogo; ndugu wageni wetu; na wewe, dada yetu tunayekuaga leo: nawasalimu nyote kwa heshima.

Nimepewa kazi ya kumsema kwa wema mchunguzi wetu mkuu anayestaafu. Wengi mnamwita Dada Naomba-Jibu, na sababu mnaijua. Mlalamikaji akileta kilio chake, dada alimwandikia wakili, akampigia simu, na akiona kimya alibisha hodi mwenyewe: "Naomba jibu." Nani hapa hajawahi kutokea mlango wa nyuma aliposikia sauti hiyo? Msicheke sana, nawaona.

Mimi namkumbuka kwa jambo la nyumbani kwetu. Baba yangu alikuwa wakili, na dada huyu alijifunzia kazi kwake, katika ofisi ile ya ghorofani yenye feni iliyolalamika kuliko wateja. Nilikuwa mwanafunzi wa sheria. Likizo nzima nilikaa kwenye benchi la mapokezi nikiwasikiliza wakibishana juu ya hoja moja mpaka chai inapoa. Zilikuwa siku tamu, jamani, na hazirudi.

Miaka ikapita, dada akahamia Kamati. Akaja mjane mmoja: wakili wake hakutokea mahakamani, shauri la nyumba yake likafutwa, naye alikuwa mbioni kutolewa nje pamoja na wanawe. Wakili huyo alikuwa baba.

Kamati ilimwandikia, hakujibu. Ikamwita, hakwenda. Ndipo dada akaja mwenyewe, nami nilikuwepo.

"Mwalimu, naomba jibu."

"Mimi niliyekufundisha kuvaa joho, leo wewe ndiye wa kunihoji?"

"Sijasema una kosa, Mwalimu. Nauliza tu, siku ile ulikuwa wapi?"

"Toka ofisini kwangu."

Alitoka. Kwenye ngazi nilimwona akijifuta machozi kwa kiganja. Kisha akamfungulia baba mashtaka ya kukataa kushirikiana na uchunguzi, na baba akasimamishwa uwakili mwaka mzima. Nyumbani tukaacha kulitaja jina la dada.

Na kweli, baba alikuwa wapi? Alikuwa hospitali, ameushika mkono wa mama aliyezidiwa ghafla. Sentensi moja ingemwokoa! Lakini alijiona mkubwa mno kuulizwa. Mama ndiye aliyemvunja kiburi: "Wewe unalinda heshima yako, mama wa watu anafungasha vyombo."

Asubuhi yake baba alikwenda Kamati akaeleza yote. Kwa maelezo hayo mahakama ilifufua shauri, na mjane akabaki na nyumba yake. Adhabu ya baba haikupunguzwa, wala hakuomba ipunguzwe.

Mawakili vijana, mkiulizwa, jibuni. Nyuma ya kila swali la Kamati kuna mtu anayesubiri, na yeye hana joho la kujifichia.

Dada, baba alipougua mara ya mwisho, aliomba uitwe. Ulikuja, mkafunga mlango, mkazungumza mchana kutwa. Mlisemezana nini, sijui, na leo sikuulizi. Najua tu kwamba jioni ile, baada ya miezi ya kukosa hamu ya kula, baba aliomba chakula.

Kwa hilo, dada, familia yetu inakushukuru. Nanyi nyote mlionitegea masikio, asanteni sana.