Kwaresima Niliyotembea Kwenye Mvua

Ndugu zangu, jina la Bwana lipewe sifa! Lipewe sifa tena, maana nimesimama mbele yenu, nje mvua inanyesha, na mimi siangalii mlango. Wanaonijua wanaelewa ukubwa wa neno hilo.

Naitwa Selina. Ni fundi cherehani hapa Makindye, kibanda changu kiko karibu na soko. Wengi wenu mmevaa nguo za mkono wangu. Nilitoka Kenya, upande wa Mlima Elgon, nikaingia Kampala na mtoto mmoja mgongoni, Mercy, ambaye sasa yuko darasa la tatu. Lakini kilichonileta hamkukijua, kwa sababu sikuwahi kumwambia mtu.

Nyumbani tuliishi kwenye mteremko, mimi, mama yangu na Mercy. Msimu ule mvua ilinyesha hata mahindi yakaoza shambani. Asubuhi moja mama aliniambia, "Nenda ukasage unga kabla barabara haijaharibika. Mbebe mtoto, mimi nabaki kuwasha moto." Nikaenda. Nikiwa kwenye foleni ya kinu tukasikia mngurumo, kama lori linalomwaga mawe, ila huo haukuisha. Niliporudi, nyumba haikuwepo. Ndugu zangu, sisemi ilianguka. Haikuwepo! Palikuwa na udongo mwekundu, laini, kama shamba lililolimwa jana. Watu walichimba kwa majembe na kwa mikono mpaka wakubwa wakasema basi. Mama yangu hakupatikana. Yuko ndani ya mlima ule hadi leo.

Tulihifadhiwa kwenye darasa la shule. Mercy alikuwa amelowa, anatetemeka. Mama mmoja nisiyemjua akatoa sweta ndogo ya manjano kwenye gunia la msaada, akamvika. Sura ya yule mama siikumbuki. Sweta naikumbuka.

Nikaja Kampala, nikapata kazi, nikanunua cherehani yangu, na watu wakaona nimepona. Lakini mvua ikianza kupiga mabati, mimi si mtu tena. Navaa viatu, nabeba mfuko wa nguo, namshika Mercy mkono, nakaa naye mlangoni mpaka ikatike. Ikiwa ni asubuhi, hakuna shule. Nikiwa na mteja, namwambia aende. Na mvua ya Kampala mnaijua wenyewe! Nilifunga, niliomba, niliwekewa mikono, lakini nilikuwa nasema tu kwamba kichwa kinauma.

Siku moja wingu lilitanda, bado halijadondosha hata tone, nikamkuta Mercy amekaa mlangoni peke yake, viatu miguuni, amekumbatia mfuko. Hakuna aliyemtuma. Nililia, ndugu zangu! Nikasema, "Bwana, hofu hii sasa imeingia kwa mtoto."

Basi Kwaresima ikafika. Jumatano ya Majivu Padre akatangaza kwamba nchi moja ng'ambo ya bahari imepigwa na tufani, mlima umeporomoka juu ya vijiji, na jimbo linakusanya misaada. Parokia yetu tuliombwa nguo za watoto wachanga na vitambaa vya kubebea. Mzee mmoja nyuma yangu akanung'unika, "Sisi wenyewe tuna shida, tutasaidia ng'ambo?" Padre, kama aliyemsikia, akasema, "Hata wao hawakupanga kuwa na shida mwaka huu." Lakini mimi masikio yalikuwa yameziba tangu aliposema mlima umeporomoka. Nikatoka na majivu yangu kwenye paji la uso, nikaenda kujifungia nyumbani.

Kesho yake Mama Asha akaja kibandani. Mnamfahamu, kiongozi wetu wa akina mama, Mwacholi, mume wake ni askari wa kambi ya hapa Makindye, Mwislamu. Mwaka huo Kwaresima na Ramadhani ziliingiliana, nyumba moja ikawa na mifungo miwili! Alikuja na robota la flaneli kichwani.

"Fundi," akasema, "kitambaa hii yote ni ya watoto ya ng'ambo. Wewe nakata, sisi nasaidia kushona."

"Mama Asha, tafuta fundi mwingine."

"Kwa nini? Wewe iko mgonjwa?"

Nikamwambia siumwi. Akaweka robota chini, akakaa kwenye benchi la wateja, akaanza kukunjua flaneli. Hana haraka, hana swali. Nikajikuta nasema. Nikamwambia yote: mama, kinu, udongo, sweta, Mercy mlangoni.

Mama Asha hakuniambia niongeze imani. Alisema, "Mimi, wakati ya vita huko kwetu, tulikuwa nalala kwa majani. Mpaka leo mtu akigonga mlango kwa nguvu, moyo yangu naruka. Mungu hajakasirikia mimi kwa sababu ya hiyo." Kisha akachukua mkasi wangu, akaniwekea mkononi. "Kata. Mimi nakaa hapa."

Nikakata. Na mchana uleule mvua ikaja! Nikainuka kutafuta viatu. Mama Asha akanishika bega. "Keti, fundi. Kanyaga mashini! Mama ya ng'ambo nangoja nguo."

Nikakanyaga. Nilitetemeka hata mshono ukaenda kombo, machozi yakadondokea flaneli, lakini mguu wangu haukusimama. Mvua ikakatika, na mimi niko kwenye kiti! Mkononi nina kigauni cha mtoto mchanga. Pindo lilikuwa bovu, ilibidi nilifumue, lakini nilikishika kifuani kama mtoto mwenyewe.

Msidhani hofu iliondoka siku hiyo. Wiki iliyofuata mvua ya asubuhi ilinirudisha mlangoni na mfuko wangu. Nikakata tamaa. Nikamwambia Mama Asha, "Unaona? Sijapona." Akajibu, "Nani amesema umepona? Leta kitambaa." Basi tukaendelea. Kila Ijumaa baada ya Njia ya Msalaba akina mama walijaa kibandani, chakula cha mchana tumekiacha, tunashona na kusali. Yule mzee aliyenung'unika akaja na mfuko wa vifungo, akaketi kuvipanga kwa rangi. Mume wa Mama Asha akitoka kazini, midomo imekauka kwa saumu, alibeba marobota hadi kanisani bila kuombwa.

Ikafika Jumamosi, kesho yake ni Jumapili ya Matawi. Lori la jimbo lilikuwa linakuja kuchukua misaada. Mercy alikuwa ametangulia kanisani kwa mazoezi ya kwaya ya watoto. Mzigo wa mwisho ulikuwa kwangu, namngoja mume wa Mama Asha aje kuuchukua. Mara mbingu zikafunguka! Barabara ikageuka mto. Simu ikalia.

"Fundi, Mzee yangu ameitwa kambini," Mama Asha akasema. "Na lori nataka kwenda. Utaweza?"

"Mercy yuko wapi?"

"Iko hapa kwa mlango ya kanisa. Naangalia barabara tu."

Ndugu zangu! Mtoto wangu alikuwa anaangalia barabara, na ndani ya moyo wake alijua mama yake hawezi kuja. Nikapiga magoti pale kati ya vipande vya vitambaa. Maombi marefu sikuwa nayo. Nikasema, "Yesu, twende." Nikafunga mzigo kwa kaveera, mfuko wa plastiki, usilowe, nikaubeba kichwani, nikatoka.

Sitawadanganya kwamba niliona malaika. Niliona matope. Maji mekundu yalipita juu ya miguu yangu, rangi ileile ya udongo wa kwetu. Nikaegemea ukuta wa duka. Hapo ndipo nilipoliita jina la mama yangu kwa sauti. "Rosa! Mama, Rosa!" Tangu siku ile nilikuwa sijalitamka. Nikalia kilio cha msiba, maana msiba wake sikuwahi kuulilia. Watu waliojikinga barazani wakanitazama. Mama mmoja muuza matoke akasema, "Bambi, nnyabo, pole," akanitengenezea mzigo kichwani uliokuwa unaanguka, akaniacha niende.

Nikatembea nalia, nasali, naita. Na njiani mle, mahali gani sijui, kitu kilichokuwa kimenikaba kifua miaka yote kikaachia. Bado nalia, lakini siogopi! Mvua ikawa mvua tu, maji yanayotoka juu. Aleluya!

Nilipofika, Mercy alichomoka mlangoni mwa kanisa akanijia mbio, anapiga kelele, "Mama! Umekuja na mvua!" Tukakumbatiana, tukalowa wote wawili hadi ndani. Padre akaupokea mzigo, akaupakia, lori likaondoka.

Padre alitutangazia baadaye kwamba msaada umefika. Nani amevaa nguo zile, sijui, na yeye hanijui. Sisemi Mungu aliwaletea watu wale tufani ili mimi nipone. Siwezi kusema hivyo, mimi niliyeona udongo ule. Nasema aliniita niishike shida ya mwingine, na nilipoishika, nikakuta ameshanishika mimi.

Wiki ya Pasaka tulipanda basi, mimi na Mercy, tukaenda mlimani. Sikuwa nimerudi tangu nilipoondoka. Pale palipokuwa nyumba yetu majani yameota, mbuzi wanalishwa. Tulisali, kisha Mercy akauliza, "Nyanya alikuwa anapenda nini?" Nikaanza kumwambia. Jinsi alivyopenda ndizi za kuchoma. Jinsi alivyocheka akifunika mdomo kwa leso. Jinsi alivyoimba vibaya kanisani, tena kwa sauti kubwa! Tukashuka mlima, tukavuka mpaka, tukakaribia Kampala, na bado nilikuwa naeleza.

Ndugu yangu unayenisikiliza, labda kwako siyo mvua. Labda ni hospitali fulani usiyoweza kupita karibu yake, labda ni jina usiloweza kulitamka. Mwambie mtu mmoja wa Mungu. Kisha mtumaini Yesu huku ukitetemeka, maana mimi hakuningoja niache kutetemeka. Asante, Mama Asha. Asanteni, akina mama. Shukrani zote ni zake Bwana, aliyenirudishia mama yangu mdomoni. Rosa, pumzika kwa amani. Amina!