Watoto wa Alhamisi: Wasifu wa Marehemu Chelangat Kimaiyo (1962–2008)

Marehemu Chelangat Kimaiyo alizaliwa tarehe 14 Machi 1962 hapa Rongai, kifungua mimba wa Mzee Kosgei na Mama Tabsubei. Mwaka 1974 mdogo wake, Kibii, anayesoma wasifu huu, alipasuliwa ngiri, ule uvimbe wa kinenani, akiwa na miaka saba. Alilia mpaka sauti ikamkauka. Muuguzi akamwambia Chelangat asijali, watoto husahau. Kibii sasa ana miaka arobaini na mmoja na hajasahau. Dada yake naye hakusahau.

Alisoma shule ya msingi Rongai, kisha sekondari ya wasichana mjini Nakuru hadi 1980. Alifuzu kuwa afisa wa kliniki mwaka 1984, na mwaka 1991 akawa mtaalamu wa nusukaputi, dawa ya kulaza wagonjwa wa upasuaji. Kwa hesabu alikuwa moto wa kuotea mbali. Kwa ugali hakufuzu kamwe, na mumewe yupo hapa, anaweza kuulizwa.

Mume huyo ni Mwalimu Kimaiyo. Walifunga ndoa tarehe 10 Desemba 1988, wakajenga Lanet na kujaliwa watoto wawili, Zeddy na Kimberly.

Kwa miaka kumi na saba alihudumu katika hospitali moja ya misheni karibu na Nakuru. Mapema 2007 alitoka mafunzoni Nairobi na jambo moja kichwani: kutumia mashine ya skani kuona neva za kinena, ili dawa ya ganzi iwekwe karibu nazo mtoto angali amelala, na akiamka asisikie uchungu wa kidonda. Wenzake walimwona anajitafutia kazi. Isitoshe, mashine ilikuwa moja tu, ya wajawazito. Sista Naliaka wa wodi ya uzazi alimpa kila Alhamisi, kwa onyo.

"Ukiivunja, Chela, hawa wamama wote utawapima na macho."

Mtoto wa kwanza kuwekewa ganzi hiyo alikuwa kijana wa miaka mitano, tarehe 12 Aprili 2007. Alipotolewa chumba cha upasuaji akiwa kimya, mama yake aliangua kilio.

"Mbona amenyamaza? Wengine wote hutoka wakilia! Daktari, mmefanyia mtoto wangu nini?"

Kijana akafumbua macho. "Mum, nataka chips."

Chelangat alicheka mpaka akakaa sakafuni. Hadithi hiyo aliisimulia Krismasi nzima, na kila mara sahani ya chips iliongezeka.

Juni 2008 alianza kuumwa tumbo. Sista Naliaka ndiye aliyempima, kwa mashine ileile, na wote wawili waliona walichokiona. Ilikuwa saratani ya kongosho. Hakuogopa kufa kama alivyoogopa kwamba Alhamisi zitakufa naye, kwa kuwa hapakuwa na mwingine aliyejua kazi ile. Akamchukua afisa kijana wa idara yake, Bwana Nderitu, akamfundisha akiwa ameketi kitini, miezi mitatu.

"Nderitu, kama huoni ncha ya sindano, simama. Usibahatishe na mtoto wa mtu."

Alhamisi tarehe 16 Oktoba, Nderitu aliwahudumia watoto wawili peke yake, kisha akapiga simu Lanet. Kibii alimshikia dada yake simu sikioni.

"Wamelia?" akauliza.

"Mmoja tu, madam. Anasema ana njaa."

Chelangat aliaga dunia Jumamosi iliyofuata, tarehe 18 Oktoba 2008, nyumbani kwake, familia ikiwa karibu. Inauma sana.

Ameacha mumewe, Mwalimu Kimaiyo. Watoto wake, Zeddy na Kimberly. Mama yake, Tabsubei. Na ndugu yake, Kibii. Aliacha pia agizo kwamba mazishi yake, yakiangukia siku yoyote, yasisimamishe kazi. Kwa hivyo Bwana Nderitu anaomba radhi kwa kutofika. Leo ni Alhamisi, na kuna watoto watatu kwenye orodha.

Apumzike kwa amani, bila maumivu.