Maisha ya Iola Nutaraq, Aliyetunza Joto la Majengo ya Tasiralaaq

Mchungaji, wazee wetu, jamaa mliofika kwa pikipiki za theluji kutoka kambi za mbali, nanyi watoto mlioketi sakafuni kwa kuwa viti havikutosha, familia imeomba maisha ya mpendwa wetu yasomwe kama yalivyokuwa, pasipo kupambwa, kwa sababu mwenyewe hakupenda mapambo.

Marehemu Iola Nutaraq alizaliwa tarehe 14 Aprili 1956 katika kambi ya uwindaji ya Naujaaraq, akiwa mtoto wa tatu wa mzee Qajaaq na mama Arnaujaq, na alianza shule hapa Tasiralaaq mwaka 1964, familia ilipohamishiwa kijijini. Mwaka 1973 alipelekwa kusini kujifunza ufundi wa boila, yaani mitambo inayochoma dizeli na kuchemsha maji ya kupasha majengo joto, akahitimu Juni 1975, na tarehe 2 Septemba mwaka huohuo akaajiriwa kutunza majengo ya umma ya kijiji hiki. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kubandua kwa mikono vifuniko vya mabomba ya zamani chini ya shule, na kwa majira mawili ya baridi alirudi nyumbani nywele zimejaa vumbi jeupe, wala hakuna aliyemwambia lile lilikuwa vumbi la nini.

Tarehe 11 Julai 1981 alifunga ndoa na Leetia Ulaajuk, binti wa mama Siasi, na Mungu akawajalia watoto watatu, Elisapi, Markosie na Naimi, ambaye alituacha mwaka 1990 akiwa na miezi minne. Leetia alikuwa mpishi katika nyumba ya wazee, na kila mumewe aliposhuka chumba cha mitambo kabla hata ya kuonja chai, aliwaambia wazee kwa sauti ya kusikika, "Mwacheni aende, mke mkubwa yuko huko chini, mimi nimeolewa wa pili," naye Iola alijibu kutoka kwenye ngazi, "Wa huku angalau hangurumi bila sababu."

Kama mjuavyo, dizeli yetu ya mwaka mzima huletwa na meli moja wakati wa kiangazi, na lita ikishachomwa hakuna nyingine mpaka barafu iachie, kwa hiyo Iola hakuona kubana matumizi kuwa ni agizo la ofisi bali ni adabu ya kuishi. Mwaka 2003 aliona joto la jenereta za kijiji linapotea bure angani, akachora kwa penseli namna ya kulipitisha kwenye mabomba hadi shuleni, akahangaika miaka miwili mpaka ikakubaliwa, na tangu Oktoba 2005 shule ikapata joto kwa karibu theluthi moja tu ya mafuta ya zamani. Wakuu walikuja kupiga picha, wakala samaki wetu, wakamsifu.

Hapo ndipo ilipoanzia huzuni ambayo familia haiwezi kuiruka. Kila alichookoa, ofisi ya mkoa ilikihesabu kuwa hakikuhitajika tangu mwanzo, mwaka uliofuata ikapunguza fedha za mitambo, naye akaokoa tena, ikapunguza tena, hadi fundi msaidizi akaondolewa na spea zikaacha kuagizwa. Mwezi Oktoba 2014 ikaja amri kwamba nyumba ya wazee, yenye boila mbili, ibaki na moja, na ile ya pili isihudumiwe. Iola aliandika barua tatu za kukataa, kisha meneja wa mkoa akampigia simu, na Leetia, aliyekuwa ameketi kando yake, anayakumbuka maneno neno kwa neno.

"Mzee Iola, wewe ndiye uliyetuonyesha kwamba inawezekana," alisema meneja.

"Nilionyesha kupunguza moto, bwana. Sikuonyesha kuishi na moyo nusu."

"Usiposaini karatasi ya kuizima ile ya pili, jengo lote halitapitishiwa fedha, na wazee watapelekwa kusini. Unataka hivyo?"

Alikaa na ile karatasi siku mbili, akawaza wazee wanane wakizeeka mahali ambapo hakuna anayejua lugha yao, akasaini.

Tarehe 9 Februari 2015, wakati wa chai ya asubuhi, boila iliyobaki ilipasuka, na dhoruba ilikuwa imefunga uwanja wa ndege, hivyo spea isingefika. Iola alijaribu kuiamsha ile ya pili, akaikuta pampu imekwama kwa kutu, na kufikia saa sita mchana mabomba yalikuwa yakipasuka moja baada ya jingine. Yeye, mkewe na majirani waliwabeba wazee kwa sleji za kuburutwa juu ya theluji hadi shuleni, wamefunikwa ngozi, naye mwenyewe akambeba mama Siasi, mama mkwe wake, aliyemwambia njiani, "Usikimbie, mwanangu, mimi sina haraka." Mama Siasi alifariki kwa homa ya mapafu tarehe 15 Februari, siku moja kabla ya ndege kutua. Uchunguzi ulifanyika, na ripoti ikasema boila ya pili ilizimwa kwa idhini ya msimamizi wa jengo, ambaye saini yake ilionekana chini ya ukurasa. Nyumba ya wazee haikufunguliwa tena, na wale saba waliobaki walipelekwa kusini, ambako sita wamekwisha kuzikwa.

Leetia hakumlaumu hata siku moja, na pengine hilo ndilo lililomwelemea zaidi. Iola aliendelea na kazi hadi 30 Juni 2019, akitunza shule na ukumbi huu, lakini utani uliisha, na mezani alikula akitazama sahani.

Mwezi Novemba 2021 alianza kubanwa kifua, na madaktari wa kusini wakagundua ugonjwa wa mapafu uletwao na asbesto, lile vumbi jeupe la vifuniko vya mabomba. Aliomba kufia nyumbani, akajibiwa kwamba kijijini hakuna jengo la kumhudumia mgonjwa wa namna yake, na kweli halikuwapo. Elisapi alikaa naye hadi mwisho, na siku moja kabla ya kifo chake alimwambia, "Baba, ulifanya ulichoweza," naye akajibu, "Nilisaini, mwanangu," akageukia ukutani. Alifariki tarehe 6 Machi 2023, akiwa na umri wa miaka sitini na sita.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliompunguzia maumivu, majirani waliolisha nyumba yetu nyama na mkate wakati Leetia hakuweza kusimama jikoni, mafundi wenzake wa zamani, na wanaume waliochimba ardhi iliyoganda kwa siku tatu ili apate pa kulala karibu na Naimi.

Iola, hatuna neno la kuifuta siku ile, wala hatutajifanya tunalo. Tunakuacha mikononi mwa Mungu, ambaye hakukutaka usaini kitu chochote. Upumzike kwa amani.