Reli ya Mezani ya Mzee Severin Andrea Kobelo (1938–2001)

Mzee Severin Andrea Kobelo, tunayemsindikiza leo hapa Bigwa, alizaliwa Matombo tarehe 3 Machi 1938, mtoto wa pili wa marehemu mzee Andrea Kobelo, mkulima wa ndizi na pilipili manga. Alibatizwa wiki hiyohiyo, kwa kuwa alizaliwa dhaifu na hakuna aliyetegemea kwamba angeiona Pasaka.

Alisoma shule ya misheni palepale Matombo, kuanzia mwaka 1946 hadi 1953. Siku moja baba yake alimchukua kupeleka ndizi mjini, wakapita stesheni treni ya mizigo ikiingia. Severin akagoma kuondoka. Baba alipomuuliza anangoja nini, akajibu, "Nataka kujua vile vitu wanapelekewa akina nani."

Mwaka 1956 aliajiriwa reli na kupelekwa Tabora kusomea uendeshaji wa treni. Huko aliona kwa mara ya kwanza reli ndogo iliyojengwa juu ya meza, ya kufundishia wanafunzi. Baadaye alipanda cheo hadi kuwa mpangaji wa treni za mizigo hapa Morogoro, mtu wa kuamua behewa lipi liende kiwanda kipi. Kazi hiyo aliifanya mpaka wafanyakazi walipopunguzwa mwaka 1991.

Alifunga ndoa na Anastasia Paulo katika kanisa la Matombo tarehe 25 Januari 1964, na Mungu akawajalia watoto watatu. Mama Anastasia husema kwamba katika ndoa yao hawakugombana kwa sababu ya pombe wala mwanamke. Waligombania chumba cha wageni.

Chumba hicho marehemu alikichukua mwaka 1992 akajenga ndani yake reli. Alikata mabati ya madebe kuwa pau za reli, akachonga mabehewa ya mbao, na mota akazitoa kwenye radio kaseti mbovu. Stesheni ilikuwepo, viwanda vyetu vyote vilikuwepo vya kartoni, na milima ya Uluguru aliichora Mama Anastasia mwenyewe ukutani, baada ya kuona kwamba chumba hakirudi.

Haikuwa michezo. Kila Jumamosi alasiri rafiki yake mzee Stambuli, gadi mstaafu wa treni, alikuja wakaendesha kazi kama kazini. Kila behewa lilikuwa na kikadi cha kuonyesha limebeba nini, limetoka wapi na linakwenda kwa nani. Treni ilisubiri njia, ilipishana na nyingine, ilikata mabehewa na kuyasukuma kiwandani. Na marehemu alikuwa na sharti moja: mezani hakipiti kitu ambacho hakikupita kwenye reli yenyewe. Kwa hiyo kila wiki alishuka stesheni kusalimia wenzake wa zamani na kuuliza nini kimepita.

Hapo ndipo mambo yalipoanza kuwa mazito. Soko huria lilikuwa limeingia, malori yakawa mengi barabarani, na bidhaa za nje zikajaa sokoni. Mwaka 1994 ngozi ziliacha kushushwa kiwanda cha ngozi. Marehemu akalaza kijiti chekundu kwenye njia ya kiwanda hicho pale mezani, maana yake hapapelekwi behewa. Haukupita muda, kiwanda kikafungwa. Mwaka uliofuata akalaza kijiti kwenye kiwanda cha viatu. Nacho kikafungwa.

Habari zikaenea kwamba mzee akilaza kijiti, kiwanda kinafungwa. Watu waliokuwa wakija kushangaa treni sasa walichungulia dirishani, wakatazama vijiti, wakaondoka bila kuaga. Kuna walioanza kupita njia ya mbali ili wasipite mlangoni kwake. Marehemu mwenyewe aliingiwa na hofu. Alimwambia Stambuli, "Najua ni mabehewa tu yananieleza. Lakini nikikishika kijiti, mkono unakuwa wa baridi."

Mwanzoni mwa 1996 binti yake Jesca alikuja kutoka Mji Mpya. Mumewe, Amosi, alikuwa fundi katika kiwanda cha magunia.

"Baba, shikamoo. Kwetu bado kunapakiwa?"

"Marahaba, mwanangu. Mabehewa yanaingia matupu, yanatoka matupu. Magunia ya plastiki ya nje yamewamaliza."

"Basi weka japo moja lenye mzigo. Watu wanasema mambo mabaya, baba. Wakiona lina mzigo watatulia."

Marehemu akasema, "Nikilipakia la uongo hapa, Jesca, wa kwanza kudanganywa ni wewe. Mwambie Amosi atafute kazi kwenye miwa."

Jesca alilia njia nzima. Amosi alikasirika, akaacha hata kumwamkia mkwewe, lakini alikwenda kwenye mashamba ya miwa na akapata kazi. Marehemu akalaza kijiti hapo pia, na mwezi wa Agosti kiwanda cha magunia kikafungwa. Kwa wenzake Amosi huo ukawa ushahidi: mzee amemwondoa wake, kisha akakifunga kiwanda.

Jumamosi iliyofuata mawe yalianguka juu ya bati. Nje kulikuwa na kundi la wanaume, mbele yao Rehani, jirani aliyekuwa mwendesha mashine kiwandani. Stambuli alitaka kufunga mlango. Mama Anastasia akaufungua zaidi, akasema, "Ingieni mwone. Vueni viatu, nimepiga deki."

Wachache waliingia, na viatu walivua. Rehani alisimama mbele ya nyumba moja ya kartoni.

"Hiki ndicho kiwanda chetu?"

"Ndicho," marehemu akajibu.

"Toa hicho kijiti."

Marehemu akakitoa. Wote wakatega sikio upande wa mjini, kana kwamba king'ora cha zamu kingelia.

"Bado," Rehani akasema.

"Hakitalia, Rehani. Kama kingelia, ningekuwa nimeshakitoa kijiti siku nyingi."

Rehani akaishika meza kwa mikono miwili, akaipindua.

Marehemu hakushtaki mtu. Aliokota mabehewa na Stambuli, wakatengeneza njia moja fupi kando ya ukuta, na treni moja. Amosi aliporudi likizo alikuja kumwamkia mkwewe, akabaki kumsaidia kupigilia mataruma, vile vijiti vya kulazia reli.

Mwaka 1999 marehemu alipatwa na kiharusi, mkono wa kulia ukapooza. Aliuguzwa nyumbani na Mama Anastasia. Presha ilimzidi tena Juni hii, akalazwa hospitalini mjini, na akafariki Alhamisi tarehe 14 Juni 2001, mkewe akiwa kando yake.

Ameacha mjane, Bi. Anastasia, watoto Jesca, Mikaeli na Paulo, mkwe wake Amosi, wajukuu sita, na rafiki yake mzee Stambuli, ambaye ameomba atajwe pamoja na ndugu.

Familia inawashukuru wote mliofika. Inajua kwamba baadhi ya waliorusha mawe siku ile wamesimama hapa, na inataka wasikie hili mbele ya watu: jana asubuhi, kabla hatujamwita yeyote, Rehani alifika na sururu yake, akauliza kaburi lichimbwe wapi. Alichimba yeye na wenzake, na hawakukubali kupokezana na wengine.

Severin apumzike, na Mungu atupe amani sisi tuliobaki.