Bi Muzdalifa Wakil na Jumatano Nne za Bamvua

Jumanne ya tarehe 30 Juni 2026, Bi Muzdalifa Wakil, afisa wa jamii katika Kitengo chetu cha Mipango ya Hifadhi, anastaafu baada ya kututumikia miaka thelathini na nne kasoro mwezi mmoja. Mhariri wa jarida letu amenitaka niandike wasifu mchangamfu, utakaosomwa pia kwenye hafla ya kumuaga. Nimejitahidi. Mahali uchangamfu unapopungua, wa kulaumiwa si mstaafu.

Alipoajiriwa Agosti 1992, ofisi yetu ya Mji Mkongwe ilikuwa na mtaalamu wa miti, mtaalamu wa ndege, mtaalamu wa matumbawe na mwengine wa popo peke yao. Mtaalamu wa watu hakuwepo. Bi Muzdalifa akapewa meza nyuma ya mlango, na kila mlango ulipofunguliwa ulimgonga kiti. Barua yake ya ajira ilisema atakuwa na kazi ya kuhamasisha wananchi, na kwa lugha ya ofisi hii kuhamasisha ni kwenda kuwaeleza watu mambo ambayo sisi tumeshayaamua. Yeye aliifahamu vingine. Alidhani anatakiwa awaulize.

Safari yake ya kwanza ilikuwa Kidichi, ambako wakulima wa viungo walikuwa hawataki miche yetu na wataalamu wanne walishaandika kurasa sitini kuhusu ukaidi wao. Bi Muzdalifa alirudi kabla ya adhuhuri na jibu: miche ililetwa kiangazi, ikakauka, na wakulima hawakuona sababu ya kuchimba mashimo mara ya pili. Wakubwa walilikataa jibu hilo kwa sababu halikuwa na jedwali. Siku ya pili akalitilia jedwali la safu mbili, kiangazi na masika, nalo likapokelewa kuwa ni utafiti.

Hivyo ndivyo alivyofanya kazi miaka yote. Kila asubuhi alikuja kwa miguu kutoka Ng'ambo, akatundika mkoba wake, akafungua daftari na kuandika kile ambacho watu walimwambia, kwa maneno yao. Sisi tulikuwa na kompyuta za kisasa, ramani za rangi na vyeti ukutani. Tulimwita kwa mzaha Mama Hodi, kwa kuwa hakuwa akiingia kijiji bila ya kupiga hodi kwa sheha na kwa wazee wa mji. Nilicheka na mimi. Leo naona haya kuyaandika, lakini nimeambiwa wasifu uwe wa kweli.

Nije kwenye Mwambajuu, kijiji cha wakulima wa mihogo na wa mwani kando ya ghuba ya Chwaka, maana huko ndiko tulikoonesha upeo wa akili zetu. Mwanzoni mwa mwaka 2018 tulikuwa tunatayarisha mpango wa kuhifadhi mikoko ya kijiji hicho na uwanda wake, ile ardhi ya mawemawe wanayolima. Kanuni ilitaka wananchi washirikishwe. Dokta Anwar Mmanga, mratibu wa mpango, akapanga mikutano minne, kila baada ya wiki mbili, Jumatano, saa nne asubuhi. Ratiba ilikuwa nzuri kweli kweli, ilichapwa kwa rangi.

Bi Muzdalifa aliitazama ratiba, akaitazama kalenda yake. Hiyo kalenda huitundika mpya ofisini kila mwaka na kuitia alama nyekundu za bamvua, zile siku za mwezi mpevu na mwezi mwandamo ambazo bahari hukauka mpaka mbali. Siku hizo, saa nne asubuhi, hakuna mwanamke mwenye shamba la mwani anayekaa nyumbani. Wako majini mpaka magotini wanafunga na kuvuna, na wakizikosa siku hizo husubiri mpaka bamvua nyengine. Bamvua nayo hurudi kila baada ya wiki mbili. Dokta Anwar aliiangukia bamvua Jumatano ya kwanza bila ya kujua, na zilizobaki zikafuata zenyewe.

Bi Muzdalifa aliomba mikutano isogezwe kwa wiki moja tu, iangukie maji mafu, siku ambazo bahari haikauki mbali. Akajibiwa kwamba gari limeshapangwa. Kuna aliyesema ofisi haiendeshwi kwa ramli.

Mikutano ikafanyika. Walihudhuria wanaume kumi na saba, wanne kati yao wapita njia waliokuwa wanasubiri usafiri. Ripoti ikaandika, na mpaka leo imo maktaba kwa anayetaka kujionea, kwamba wanawake wa Mwambajuu hawakuonesha mwamko. Wakati sentensi hiyo inapigwa chapa, wanawake waliokosa mwamko walikuwa ndani ya maji tangu asubuhi.

Ramani ya mpango ule niliichora mimi, Abdulrazak Himid, na sina wa kumsingizia. Watu wa Mwambajuu hulima kipande cha uwanda miaka mitatu, kisha hukiacha kipumzike miaka kumi au zaidi. Kikiota kichaka, wanawake hukata humo kuni na vijiti vya kufungia mwani. Picha ya setilaiti iliona kichaka, nami nikakipaka rangi na kuandika juu yake: ardhi isiyotumika. Nikaona pia mistari ya mawe yaliyopangwa, nikaandika kwamba ni magofu. Wakaja wataalamu wawili wa mambo ya kale na brashi zao, wakapiga magoti, wakaanza kupangusa. Bi Biasha Ame, kiongozi wa wanawake wa mwani, aliwasimamia kichwani kwa muda, akawaambia kwa upole, "Bigili hilo la mawe kajenga mume wangu mwaka juzi, nguruwe wasile mihogo. Mkishalisafisha mtalirudisha kama lilivyokuwa?"

Ilipofika zamu ya Bi Muzdalifa kutia saini sura ya nne, iitwayo Ushirikishwaji wa Jamii, alikataa. Alisema hawezi kushuhudia kitu ambacho hakikutokea. Aliandika ukurasa mmoja, kwamba tukiufunga uwanda wanawake watakata mikoko, kwa sababu vijiti lazima vitoke mahali. Ukurasa huo haukuingizwa. Yeye akahamishiwa maktaba, kwa barua iliyomshukuru kwa moyo wake wa kujitolea. Sura ya nne ikatiwa saini na mtaalamu wa popo.

Vigingi vya zege vikapigwa, uwanda ukafungwa. Haukupita mwaka mikoko ya Mwambajuu, ambayo ndiyo iliyokuwa sababu ya mpango mzima, ikaanza kuonekana upara. Tukafanya warsha mbili kujadili chanzo chake. Katika warsha ya pili mtu mmoja alikumbuka kwamba maktaba kuna afisa wa jamii.

Bi Muzdalifa hakutusuta. Mimi katika nafasi yake ningesuta mpaka sauti ikauke. Alichukua mkoba, akapanda gari la abiria la Chwaka, akapiga hodi kwa sheha, akawauliza wanawake wenyewe siku inayowafaa. Walimpa siku ya maji mafu, baada ya sala ya alasiri. Walikuja wanawake mia moja na arubaini na tatu, na mikeka yao. Hawakutaka ramani yangu. Walitandaza vijiti vya mwani juu ya mchanga, wakaonesha kila kipande cha uwanda, nani kakilima mara ya mwisho na lini kitaamka. Nilikuwepo, na katika saa tatu nilijifunza zaidi ya yale ya miaka kumi na tisa ya setilaiti. Waliamua wenyewe kuifunga mikoko kabisa, kwa sharti kwamba vipande vinavyopumzika vifunguliwe kwa zamu. Bi Biasha ndiye anayesimamia zamu hizo mpaka sasa. Mikoko imerudi, na wageni tunawapeleka kuitazama. Kwenye jalada la mpango mpya kuna jina la Dokta Anwar.

Sasa tufike kwenye hafla ya kuagana. Kuipanga nilipewa mimi. Nilichagua siku yenyewe ya kustaafu, tarehe 30, saa nne asubuhi, ukumbi ukiwa wazi. Nikapeleka Mwambajuu kadi yenye utepe wa kijani, kwani bila ya wanawake wale hafla hii ni mkusanyiko wa watu waliomweka nyuma ya mlango. Bi Biasha akanipigia simu. "Kadi nshaiona, mwanangu, nzuri. Lakini siku hiyo bamvua, na saa nne ndio maji yashakauka. Hatuji. Mtatuandika tena hatuna mwamko?"

Niliinua macho. Kalenda ya Bi Muzdalifa imetundikwa ukutani, juu ya meza yangu, na tarehe 30 Juni ina alama nyekundu aliyoitia kwa mkono wake tangu Januari. Nimekaa chini ya alama hiyo miezi sita.

Nilikwenda kwa Dokta Anwar kuomba hafla isogezwe wiki moja. Alinisikiliza vizuri, akanijibu kwamba ukumbi umeshapangwa. Nikamwendea Bi Muzdalifa na aibu yangu. Alicheka mpaka akavua miwani, kisha akasema, "Basi nyie kuleni keki. Mimi nnakwenda Mwambajuu, nshamuahidi Biasha kumfungia kamba mbili za mwani."

Kwa hiyo maneno haya yatasomwa mbele ya kiti kitupu chenye shada la maua, na wale wanaojua kupiga makofi watapiga. Bi Muzdalifa, ahsante kwa kutuuliza, na kwa kuwauliza wengine pale sisi tulipokuwa tunajijibu wenyewe. Mungu akupe afya, magoti yasiyouma na siku nyingi za kukaa na wale waliokujua kabla hatujakujua sisi. Tutakukumbuka, na mimi nitakukumbuka kwa majuto.

Nina ombi moja kwa atakayeandika ripoti ya hafla. Atakapofika kwenye mahudhurio na kuona nafasi ya mstaafu haina saini, aandike kwamba maji yalikuwa yamekauka, naye alikuwa kazini.