Ngozi ya Paja la Rosa

Ubao wetu wa kukalia uko nyuma ya soko la Kibuye, umelala juu ya mawe mawili, na mwaka huo wa tisini na mbili hakuna jambo lilipita hapo bila sisi kulihukumu. Alhamisi hiyo Ogola alikuja na karatasi ya hospitali. Bibi yake Rosa, mkaanga samaki, alimwagikiwa na mafuta moto Jumanne. Daktari alitaka kukata ngozi ya paja aipandikize mkononi, na bwana lazima aweke sahihi kabla ya saa sita. Ilikuwa saa nne. Tukaagiza kahawa.

— Daktari anasema chini ya ngozi kuna chembe mama, zinazaa ngozi mpya kila siku, akasema Ogola. Kwa mkono mafuta imechoma zote. Kwa paja bado ziko.

— Hiyo ni miwa, akasema Muhoroni, tuliyemwita hivyo kwa sababu alikata miwa mji huo miaka miwili na hajawahi kutupumzisha na hiyo habari. Ukikata, shina inabaki, inachipuka. Ukichoma mpaka mizizi, kwisha.

Hilo lilikuwa na akili, kwa hivyo hakuna aliyelisikiliza.

— Na paja itabaki aje? Uchi? akauliza Ogola.

— Mtaka cha mvunguni sharti ainame, akasema Profesa, mwalimu aliyefukuzwa kazi. Mimi shida yangu ni mkono. Hiyo ngozi itajuaje imehama? Itaendelea tu kuwa paja.

— Omera, ndugu yangu, unamaanisha nini? akauliza Ogola.

— Jumapili pasta akimsalimia Rosa, ameshika paja ya bibi yako. Mbele ya kanisa.

Ogola akaweka kikombe chini.

— Na wazee wa kanisa nyuma yake, wamepanga laini, akasema Muhoroni.

— Na huyo pasta huwa haachilii mkono haraka, nikasema mimi. Mungu anisamehe, nilikuwa nafurahia.

— Basi siweki sahihi, akasema Ogola.

Wahome, muuza mitumba aliyehamia soko letu wiki hiyo, alikuwa amesimama akingoja kahawa yake. Akaichukua karatasi, akatoa kalamu.

— Wacha nikusaidie kujaza, Mzee. Hapa wanauliza ni mkono gani. Wa kulia ama wa kushoto?

Tukamgeukia Ogola. Hospitali alikuwa amefika mara moja tu. Harufu ilimzuia mlangoni mwa wodi, na daktari akamfuata koridoni na hiyo karatasi. Miaka kumi na moja Rosa amemkaangia samaki.

Ogola akaangalia mikono yake mwenyewe, mmoja, halafu mwingine.